Baiskeli ya Injini Yenye Gia za Kujibadilisha: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu, Dalili kwa Dalili

Mwongozo huu unahusu mashine moja mahususi, kwa sababu ushauri wa jumla huwafanya watu wang'oe vipuri vizima na kuacha kibovu. Ni baiskeli ya inchi 26 yenye injini ya mipigo miwili, ile inayouzwa kama cc 80 japo ukipima silinda (kipenyo milimita 47, safari ya pistoni milimita 38) unapata cc 66 tu. Klachi yake hujishika yenyewe injini inapoongeza kasi. Nguvu haiendi moja kwa moja kwenye gurudumu. Inapitia shafti ya kati, inavuka kutoka kushoto kwenda kulia, inaingia kwenye pedali zenye friwili, kisha inafuata cheni ya kawaida hadi gia za nyuma. Mkono wa gia, ule wenye vigurudumu viwili vya plastiki, hauvutwi na kidole cha mwendeshaji bali na mota ya sevo, yaani mota ndogo inayogeuka hadi pembe inayoamriwa. Sevo nayo inapokea amri kutoka bodi ndogo ya Arduino (kompyuta ndogo ya kupangiwa programu) inayosoma kasi ya gurudumu kwa sensa moja na sumaku nne.

Meno yaliyotumika kupiga hesabu za hapa chini, pamoja na upunguzo wa gia za ndani ya injini yenyewe: 10 ya injini kwa 17 ya shafti, 9 ya shafti kwa 44 ya pedali, na 36 ya pedali kwa friwili ya nyuma ya gia saba yenye meno 14 hadi 28. Kati ya gia hizo saba tumia nne tu: meno 28, 22, 18 na 14. Injini haina haja ya hatua ndogondogo kama za mguu wa mtu, na kila gia unayoipunguza ni nafasi moja pungufu ya cheni kukwama.

Kwanza gawanya tatizo

Tatizo likitokea, wengi huilaumu bodi kwa sababu ndiyo sehemu wasiyoielewa. Bodi hufuata inachoambiwa. Ikiambiwa kasi ya uongo, itaweka gia ya uongo. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, simamisha baiskeli juu ya stendi, gurudumu la nyuma likining'inia, ufanye majaribio matatu kwa mpangilio huu.

La kwanza: injini imezimwa, bodi imewashwa. Zungusha gurudumu kwa mkono uangalie kasi inayosomwa. Isipopanda na kushuka kwa ulaini, tatizo ni sensa au sumaku.

La pili: injini bado imezimwa. Zungusha pedali kwa mkono huku ukiiamuru sevo kwa kitufe ipite gia zote nne, kupanda na kushuka, mara tano. Ikikosa hata mara moja, tatizo ni kebo, mkono wa gia, au umeme wa sevo.

La tatu: washa injini, iache ingurume bila kuongeza mafuta, rudia la pili kwa kutazama sevo tu. Hitilafu ikijitokeza sasa na hapo awali haikuwepo, basi chanzo ni kelele za umeme wa plagi au mtetemo.

Onyo: katika jaribio la tatu mikono ikae mbali na cheni, na asiwepo mtoto karibu. Cheni ikibeba vazi au kidole haikupi nafasi ya kuzima swichi.

Injini haiwaki kabisa

Anza na mafuta: koki imefunguliwa? Kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tanki kimezibwa na vumbi? Injini inayowaka dakika tatu kisha ikafa, ikapumzika na kuwaka tena, mara nyingi inakosa hewa ya tanki. Fungua kifuniko uone kama itaendelea.

Kisha cheche. Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, bana kichwa chake kwenye mapezi ya silinda, zungusha injini. Cheche ya buluu inayosikika ni nzuri. Ya rangi ya chungwa au isiyoonekana ni mbaya. Futa petroli iliyomwagika kwanza, la sivyo unawasha moto kando ya tanki. Mwanya wa plagi uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi inayokuja na injini mara nyingi ni dhaifu. NGK B6HS inaingia bila marekebisho, na kwa baiskeli yenye bodi ya umeme chagua BR6HS yenye rezista ndani. Sababu yake utaiona chini.

Cheche ikikosekana, fuata nyaya kwa mpangilio huu:

1. Chomoa waya wa swichi ya kuzima na waya wa rilei, ile swichi ya umeme inayokata cheche gia inapobadilika. Cheche ikirudi, injini ni nzima. Mmoja wa hao wawili unagusa fremu.
2. Angalia waya mweupe unaotoka kwenye magneti. Kama huutumii, ufunge tepu peke yake. Ukigusa fremu, cheche hupotea.
3. Waya wa buluu uende kwa wa buluu, mweusi kwa mweusi. Pima koili ya magneti kwa mita kati ya hao wawili baada ya kuwachomoa: koili nzima husoma takriban omu 300 hadi 400. Ikisoma sifuri au isiposoma kabisa, koili imekufa.
4. Koili ikiwa nzima na cheche bado hakuna, badilisha kisanduku cha CDI, kile kinachotuma umeme wa cheche kwenye plagi. Hakifunguliwi wala hakitengenezwi.

Ikiwa mafuta yapo na cheche ipo, pima mgandamizo. Injini yenye afya husoma kati ya psi 90 na 120 kwenye geji. Chini ya 80, kaza nati za hedi kwa msalaba, hatua tatu, hadi nyutoni-mita 12 hadi 14 kama skrubu zake ni za milimita 8. Ikibaki chini, ringi au silinda imekwisha. Kazi hiyo mpe fundi wa injini mwenye vipimo; kupanua silinda kwa kukisia ni kununua injini nyingine.

Inawaka, lakini inakohoa na haina nguvu mlimani

Hapa mahali tunapoishi ndipo panapoleta shida, na maelezo yaliyo kwenye boksi la injini hayasaidii. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kakamega karibu 1,500, Nakuru karibu 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja kati ya sita. Kabureta iliyopangwa kwa nchi tambarare kando ya bahari inamimina petroli ileile kwenye hewa pungufu, na injini inazama mafuta. Utaisikia: badala ya mlio mmoja mrefu inatoa mlio wa kukatikakatika, hasa ukifungua mkono wa mafuta wote, na moshi mzito unafuata.

Usikisie, soma plagi. Panda mlima mafuta yakiwa wazi kwa nusu kilomita, zima injini papo hapo bila kurudisha mkono polepole, vuka pembeni, itoe plagi ikishapoa kidogo. Rangi ya chai ya maziwa ni sawa. Nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi. Nyeupe kama chokaa ni mafuta machache, na hiyo ndiyo ya kuogopa, kwa sababu pistoni hupata joto hadi inang'ang'ania silinda ukiwa katikati ya barabara.

Kwa plagi nyeusi, hatua ya kwanza ni ya bure: fungua kifuniko cha juu cha kabureta, toa sindano, hamisha kipini chake kwenye mfuo mmoja wa juu zaidi. Sindano itashuka na mafuta yatapungua mwendo wa katikati. Ikikohoa tu mafuta yakiwa wazi kabisa, sindano haihusiki. Punguza jeti kuu kwa hatua ndogo, mathalani kutoka 70 hadi 66, na usome plagi tena. Aliyepanga kabureta yake Nakuru kisha akateremka hadi Kisumu au Busia asisahau kurudisha jeti, maana huko chini hewa ni nzito na mchanganyiko uliokuwa sawa Nakuru unakuwa mkavu.

Usitoboe jeti kwa sindano ya kushonea au waya wa spoki. Tundu likishapanuliwa halirudi.

Sababu zinazofuata, kwa wingi wake:

Chujio la hewa limejaa vumbi. Barabara za murram zinaziba sponji ndani ya wiki mbili. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, idondoshee oili kidogo, ikamue.

Ekzosi imeziba kwa masizi. Toa bomba, chokoa mlango wa silinda kwa kijiti, pistoni ikiwa imefunika mlango huo ili uchafu usiingie ndani.

Oili si sahihi. Hili linawahusu hasa watu wa Kisumu. Oili ya injini za boti inayopatikana kirahisi karibu na fukwe kama Dunga, yenye alama TC-W3, imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji. Injini yako inapozwa na upepo na joto lake ni kubwa zaidi. Tafuta yenye alama JASO FC au FD. Injini mpya ipe mililita 50 kwa kila lita ya petroli kwa kilomita 400 za mwanzo, baadaye mililita 40. Pima kwa sindano ya dawa au chupa yenye mistari, kwa sababu kifuniko cha chupa ya soda hakina kipimo. Changanya ndani ya debe, utikise, ndipo umimine kwenye tanki.

Hewa inaingia kwa mlango usio wake. Dalili ni plagi nyeupe pamoja na mngurumo unaopanda wenyewe baiskeli ikiwa imesimama. Pulizia maji ya sabuni kwenye kiungio cha kabureta na kwenye gasketi za silinda injini ikiunguruma. Mlio ukibadilika, umepata pa kuvuja. Kama mngurumo unapanda na hushiki mkono wa mafuta, zima mara moja na usiiendeshe hadi pavujapo pazibwe.

Baiskeli inatambaa ikisimama, au klachi inateleza mlimani

Ikitambaa kwenye taa, kwanza punguza skrubu ya mngurumo wa kusimama. Ikibaki inatambaa na injini iko chini kabisa, springi za klachi zimelegea au zimekatika. Ikiteleza mlimani huku injini inalia na mwendo hauongezeki, fungua kifuniko: viatu vya klachi vikiwa na oili, tatizo ni sili ya kranki, na kuvisugua kwa msasa ni kupoteza siku.

Harufu ya kuungua ukianza kupanda mlima wa Riat kutoka Kisumu kuelekea Kiboswa mara nyingi si kosa la klachi. Angalia iko gia gani. Kebo ya gia ikikatika, mkono wa gia huangukia meno 14, gia nzito kuliko zote, na klachi inabeba mlima mzima peke yake.

Gia haibadiliki kabisa

Jaribio la kwanza limeshakuambia kama kasi inasomwa. Kama haisomwi: sensa ya A3144, inayohisi sumaku, inahitaji mwanya wa milimita 3 hadi 5 kati yake na sumaku, na inatambua upande mmoja tu wa sumaku. Igeuze sumaku uone. Waya wa ishara uwe na rezista ya kiloomu 10 kwenda volti 5. Bila hiyo usomaji unaelea.

Kama kasi inasomwa na sevo haisogei, pima volti kwenye waya za sevo wakati inaamriwa, si ikiwa imetulia. Zikishuka chini ya 5, umeme ndio unaokosekana. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kuilisha sevo kutoka kwenye pini ya volti 5 ya bodi. Sevo yenye nguvu ya kilo-sentimita 20 inaweza kuvuta ampea 2 au zaidi ikikwama. Pini hiyo haiwezi. Ipe kishusha volti chake, volti 6 na ampea 5, kutoka kwenye betri, fyuzi ya ampea 5 karibu na betri, na kapasita ya maikrofaradi 1,000 jirani na sevo. Waya hasi wa sevo, wa bodi na wa betri zikutane mahali pamoja.

Kama sevo inasogea na gia haifuati, ni kebo. Puli ya sevo yenye nusu-kipenyo cha milimita 12 inahitaji kugeuka nyuzi (digrii) 14 kwa kila gia moja ya friwili ya saba, kwa sababu kila hatua inavuta kebo takriban milimita 2.9. Kwa kuwa unaruka gia mbili kila mara, hatua zako ni nyuzi 0, 28, 56 na 84. Tumia puli ya duara, si mkono ulionyooka unaokuja na sevo: mkono huvuta kebo nyingi katikati na kidogo mwishoni, na gia moja itakuwa sawa huku nyingine ikikosa daima. Ganda la kebo likiwa limeingia udongo mweusi wa Kano na kukauka, hakuna sevo itakayolishinda. Libadilishe, kata ncha kwa koleo kali, vika kofia zake.

Gia inapanda na kushuka bila kutulia

Hii ndiyo lalamiko linalosikika zaidi. Mwendeshaji yuko kwenye kilima kidogo, kasi km 21 kwa saa, gia inapanda. Injini inazidiwa, kasi inashuka hadi 20, gia inashuka. Injini inapata nguvu, gia inapanda tena. Ndani ya dakika moja cheni imepigwa mara ishirini.

Sababu ya kwanza kabisa ni kutumia kasi moja kwa kupanda na kushuka. Lazima ziwe mbili, zenye pengo. Kwa meno yaliyotajwa mwanzoni, injini ikizunguka mara 4,500 kwa dakika wakati wa kupanda na karibu 3,000 wakati wa kushuka, kasi ni hizi:

- Meno 28 kwenda 22: panda kwa km 21 kwa saa, rudi kwa 17.
- Meno 22 kwenda 18: panda kwa 27, rudi kwa 22.
- Meno 18 kwenda 14: panda kwa 33, rudi kwa 27.

Ukibadilisha sproketi yoyote, hesabu upya. Namba za mwenzako hazikufai kama meno yake ni tofauti.

Ongeza na kusubiri: baada ya kubadilisha, bodi isikubali badiliko lingine kwa sekunde moja na nusu. Kushusha gia tu unapopanda mlima mkali ndiko kuruhusiwe mapema zaidi.

Sababu ya pili ni sumaku. Nne zikiwa hazikupishana sawasawa kwenye spoki, muda kati ya moja na nyingine hutofautiana na bodi inadhani kasi inaruka. Dawa rahisi ni kuhesabu muda wa mzunguko mzima, yaani sumaku nne, badala ya nafasi moja moja. Na kama sumaku moja imegeuka upande au imeanguka, kasi yote itasomwa pungufu kwa robo: uko km 28, bodi inaona 21, na gia zinachelewa kila mahali. Zungusha gurudumu mara kumi. Hesabu ya bodi iwe 40 kamili.

Ya tatu ni kipimo cha gurudumu. Tairi ya 26 kwa 2.125 ina mzingo wa karibu milimita 2,070 ikiwa na upepo. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, kaa juu yake, isukume mzunguko mmoja, pima. Tairi iliyolegea ni fupi zaidi.

Gia inabadilika yenyewe, au bodi inajizima na kuwaka

Ikitokea injini ikiwa inawaka tu, jaribio la tatu limeshalionyesha. Waya wa plagi hurusha kelele za umeme kila cheche, na waya wa sensa ulio jirani unazipokea kama antena. Fanya haya kwa mfululizo na ujaribu baada ya kila moja, ili ujue kilichosaidia: weka plagi ya BR6HS, tenganisha waya wa sensa na waya wa plagi kwa angalau sentimita 20, na vikilazimika kupishana vipishane kwa msalaba, sokota waya tatu za sensa pamoja, na kwenye programu, puuza ishara yoyote inayokuja chini ya milisekunde 20 baada ya iliyotangulia. Kwa sumaku nne, hata km 50 kwa saa huleta ishara moja kila milisekunde 37, kwa hiyo hupotezi kitu.

Ikitokea kwenye mashimo tu, ni kiunganishi kilicholegea. Waya za kuchomeka za bodi ya mazoezi hazifai kwenye baiskeli hata kwa siku moja. Zichomewe kwa risasi, na bodi ikae ndani ya boksi lenye sponji. Kama huna mkono wa kuchomea risasi, fundi wa redio atazimaliza kwa muda mfupi.

Bodi ikijizima na kurudi, sevo huruka hadi nyuzi 90 kabla ya kupokea amri, na gia inatupwa ukiwa mwendoni. Hiyo ni tabia ya maktaba ya sevo yenyewe, yaani programu iliyoandikwa tayari ya kuiendesha. Iandikie nafasi ya mwisho kabla ya kuiunganisha sevo, na uhifadhi gia ya mwisho kwenye kumbukumbu isiyofutika ya bodi.

Cheni inagonga, inaruka au inakatika

Mkono wa gia ulibuniwa kwa mguu unaojua kulegeza. Injini hailegezi, na cheni inayovutwa kwa nguvu zote haihami meno kwa amani. Kwa hiyo cheche lazima ikatwe kwa muda mfupi kila gia inapobadilika. Anza na milisekunde 200. Ikigonga, ongeza kidogo kidogo hadi 350. Huo ni takriban muda wa gurudumu kuzunguka mara moja kwa km 21, na cheni inahitaji kiasi hicho kuhama.

Onyo: waya wa kuzima injini hubeba volti zaidi ya 100. Usiugusishe kwenye pini ya bodi. Cheche ikatwe kupitia rilei, bodi ikiendesha upande wa koili tu. Na swichi nyekundu ya kuzima iliyo kwenye usukani ibaki na waya wake wenyewe, usiopita bodini.

Kama kukata kupo na bado inagonga, pima cheni: viungo 24, pini hadi pini, viwe milimita 304.8. Vikifika 307, badilisha cheni pamoja na friwili, kwa maana cheni mpya juu ya meno yaliyochongeka itaruka. Kisha tazama skrubu mbili za mipaka kwenye mkono wa gia. Ule wa upande wa meno 28 ukiwa wazi mno, mkono huingia kwenye spoki, na gurudumu husimama ghafla likiwa limebeba injini na mtu. Hakikisha huo kabla ya safari ya kwanza na kila baada ya baiskeli kuanguka upande wa kulia.

Cheni ya injini, ile nene ya 415, ikitoka, si ya kukazwa tu. Weka rula ndefu kwenye sproketi mbili. Zisipolingana kwa zaidi ya milimita 2, sogeza shafti ya kati. Mlegeo wa katikati uwe milimita 10 hadi 15.

Breki hazishiki

Fremu ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, inabeba magunia, lakini breki zake za fito kwenye rimu za chuma hazitoshi kwa mashine hii, hasa mvua ikinyesha. Rimu za alumini zenye breki za mikono mirefu, au diski mbele, ndicho kiwango cha chini. Vipande vya raba vikibaki milimita 3, badilisha. Programu nayo isipandishe gia wakati breki imeshikwa. Swichi ndogo kwenye mkono wa breki inatosha kuiambia bodi. Ukishafunga injini, uliza NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kuhusu usajili, bima na leseni kabla ya kuingia barabara kuu, na kofia ivaliwe hata kwa safari ya kwenda kibandani.

Mtetemo mkali, nati zinadondoka, au rangi ya fremu inapasuka mstari

Mtetemo mpya ambao jana haukuwepo ni nati za kushikilia injini. Zikaze, weka gundi ya nati, na uzikague kila kilomita 50 za mwanzo. Kama zimekaza na bado inatetemeka, shika sproketi ya injini uitikise: ikicheza juu chini, beringi ya kranki imekwisha, na haifai kuendeshwa hadi ifunguliwe na fundi mwenye kifaa cha kung'olea beringi. Kuipiga nyundo kunapindisha kranki.

Mstari mwembamba kwenye rangi karibu na mshikio wa injini, kwenye shingo ya fremu, au nyuma pale mhimili unapokaa, usichukulie kuwa mkwaruzo. Paka mafuta ya taa, yafute, paka chaki ya unga, subiri dakika kumi. Unyevu ukichora mstari uleule, ni ufa. Hapo baiskeli haiendeshwi hata hadi gereji; isukumwe au ipakiwe. Fremu ya chuma fundi wa kuchomelea anaweza kuirudisha kwa kuweka kiraka kinachozunguka bomba, akitanguliza kutoa tanki na kuchomoa bodi na betri. Fremu ya alumini isichomelewe kando ya barabara, kwa sababu joto hulainisha bomba pembeni ya mshono na huenda ikakatika papo hapo. Hamishia injini kwenye fremu nyingine. Na usitoboe bomba la chini ili kupitisha bolti ya injini, hata kama mshikio haukai vizuri. Tumia kibano cha kuzunguka bomba chenye kipande cha raba ndani.